Koti la Baba Neema

Jumatatu, 8 Juni

Baridi ya kukata masikio. Fulana, gazeti kifuani, sweta jepesi, sweta zito, na juu ya yote koti la Baba Neema. Soksi mikononi. Madumu ya maziwa kwenye keria ya baiskeli, nikashuka Ilomba kuuza. Bila koti, upepo wa ule mteremko unapita kwenye sweta kama maji kwenye chekeche.

Koti nalitoa kwenye furushi. Mwiko. Nguo za marehemu hazivaliwi mpaka zigawiwe. Tangu tumzike mume wangu nalitoa alfajiri, nalirudisha mama mkwe akiwa zizini. Mungu anisamehe. Neema lazima ale.

Jumatano, 10 Juni

Mama mkwe amelikuta furushi na fundo langu. Akalifungua, akalifunga upya kwa fundo lake. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi wanagawa. Koti likienda, sijui nitashukaje na maziwa. Naliombea kama mgonjwa.

Jumamosi, 13 Juni

Wamegawa. Wa kwanza kuchagua shemeji Ambokile, mdogo wake marehemu, analima mpunga Ubaruku. Akachukua koti. Ubaruku! Kule kwenye joto, koti la nini? Mjane hachagui, wala hakunji uso. Mimi nilikunja. Nikapewa suruali mbili.

Mwe! Nimemchukia yule mtu, na nimemchukia kabisa.

Jumatatu, 15 Juni

Masweta matatu, na kiroba nilichokitoboa matundu ya mikono. Kwenye mwinuko nikaloa jasho. Kwenye mteremko jasho likawa barafu. Vidole vikagoma kushika breki. Nimeanguka kwenye kona, dumu zima limemwagika. Akina mama wakaninyanyua, pole mama, pole. Nikalia. Walidhani ni maziwa.

Alhamisi, 18 Juni

Kichomi. Sijaenda popote. Maziwa tumegandisha.

Jumatano, 24 Juni

Kifurushi kimekuja kwa basi kutoka Ubaruku. Koti!

Ambokile akapiga simu. "Shemeji, nililichukua nimnuse kaka. Nalala nalo. Linanuka maziwa na moshi tu. Nimejua umekuwa ukilivaa. Bora lirudi kazini."

Nikasema asante, nikakata. Nimeona aibu.

Kuna jambo sikumwambia. Yeye aliondoka hapa kabla kaka yake hajaanza kuuza maziwa. Hajui. Baba Neema alinuka maziwa na moshi hata Jumapili, ameoga, amevaa suti, tumekaa kanisani. Ndiyo harufu yake hasa. Kijana wa watu amelala na kaka yake siku zote hizi na hakumtambua.

Nikimwambia, atalitaka tena. Kifua bado kinauma. Nanyamaza.

Alhamisi, 25 Juni

Sikuweza. Nimempigia asubuhi, nimemwambia yote, nikamwambia akilitaka nalirudisha kwa basi la leo.

"Ndaga, asante, shemeji," akasema. "Wewe livae. Ila usilifue."

Ijumaa, 26 Juni

Fulana, gazeti, sweta moja. La pili nimelifunga kwenye keria, nalivaa nikifika juu, kabla ya kushuka. Koti mwisho. Mikono mirefu, nimekunja. Ukungu mzito Ilomba. Maziwa yamekwisha mapema.