Sahani Iliyorudi Imejaa

Mwaya, Jumamosi. Mvua imekatika alfajiri. Juu ya ziwa wale nzi wadogo wa majini wamesimama kama moshi wa shamba linalochomwa, na milima ya Ukinga haionekani. Nyumba inanuka. Nilitaka kuandika kwamba ni unyevu.

Ni mguu wangu.

Kidole kikubwa kimekuwa cheusi na cha pili kinakifuata. Dada yangu Tusajigwe hunifunga kitambaa safi kila asubuhi huku ameziba pua kwa bega lake. Simlaumu. Mimi mwenyewe hugeuzia uso ukutani.

Ninakufa. Nimesoma vya kutosha kulijua hilo na sihitaji kufarijiwa. Lakini leo mchana wanaume wa kijiji walikuja uani kwangu kumfukuza Angolile katika migomba yake, kwa sababu eti ananila kwa uchawi, na ni mimi peke yangu niliyejua kwamba hakunila.

Nilijila mwenyewe.

Angolile ni rika langu. Tulichunga ng'ombe pamoja, na tulipobalehe tukajenga kijiji chetu, vijana wa rika moja, kama ilivyo desturi huku kwetu. Tulikula pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule: ndizi, maharage, samaki wa ziwani, mtindi wa kibuyu kimoja. Ukila na wenzako katika ungo mmoja huwezi kujaza tumbo mpaka likuume. Mikono ni mingi, na macho ni mengi zaidi. Mtu aliyekula peke yake tulimwogopa. Wazee walisema mchawi ndivyo alivyo: anatamani nyama na maziwa, wala hapendi kugawa.

Kisha nikasoma misheni, nikawa mwalimu. Nilipanda milima kwa miguu kwenda kufundisha, na nyayo zangu zilikuwa ngumu kama jembe. Laiti ningebaki hapo! Wajerumani wakataka karani wa forodha hapa bandarini, nami nikapewa kiti. Baada ya kiti ikaja machela. Karani anayetembea, nilijiambia, haogopwi na mtu. Nikabebwa kwenda kazini, nikabebwa kwenda kanisani, mahali ambapo kuku angefika kabla hajachoka.

Chai ikaja na sukari, mkate mweupe na jamu. Halafu yakaja makopo.

Hilo ndilo linalonichefua kuliko kidole. Nimezaliwa katika nchi ya ng'ombe. Zizini kwangu ndama walikuwa wanarukaruka, nami nanunua dukani maziwa ya ng'ombe nisiowajua, yaliyofungwa katika bati, matamu, mazito kama usaha. Nilikuwa nafunga mlango, natoboa kopo kwa msumari, nalala chali na kulinyonya kama mtoto mchanga, mimi mzee mwenye mvi na miwani. Mtu akipiga hodi nalisukuma chini ya kitanda, najifuta ndevu. Wenzangu wa rika wakaacha kuja. Nikasema wananionea wivu.

Kiu ikaanza. Maji nilikuwa nakunywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na kila nilichokunywa kilitaka kutoka papo hapo. Nilikuwa mzito, nikaanza kuyeyuka. Nyuma ya nyumba, pale ninapokojoa, sisimizi wakafanya barabara.

Nilibebwa mpaka kwa daktari wa misheni, kule mlimani. Aliutia mkojo wangu dawa, akaupasha moto mpaka ukabadilika rangi, akanionyesha. "Mwalimu," akasema kwa Kiswahili chake kizito, "una ugonjwa wa sukari. Acha sukari, acha makopo na mkate. Kula kidogo, kula wanachokula wenzako. Na ushuke kwenye machela, utembee, maadamu miguu bado ni mizima." Nikamshukuru. Nikapanda machela, na kituo cha kwanza nikaagiza chai.

Nyumbani nikasema daktari hakuona kitu.

Kwa nini? Nitaandika, maana hakuna tena wa kumdanganya. Huku kwetu kuliwa na wenye wivu ni ugonjwa wa mtu mkubwa. Kuuawa na mdomo wako ni ugonjwa wa nguruwe. Mimi niliyehubiri madhabahuni kwamba uchawi ni upuuzi niliwasikia wakinong'ona "wanamla Mwalimu", nikanyamaza. Tena nikaona raha.

Na mkwe wangu, mke wa mwanangu Ambakisye, akanisaidia kufa bila kujua. Kwa desturi haturuhusiwi kuonana. Akisikia kikohozi changu hukimbilia migombani mpaka nipite. Miaka yote amenijua kwa sahani tu. Tusajigwe huleta sahani, Tusajigwe huirudisha, na ikirudi imelambwa mkwe wangu hufurahi na kuongeza. Uji wenye sukari, chai yenye sukari, mkate na asali juu yake. "Baba anakula vizuri," humwambia mumewe. Mumewe hunitazama nilivyokonda, naye hupiga hesabu yake: mzee anakula kuliko kijana, na nyama inaisha mwilini. Basi kuna anayeichukua.

Nani? Angolile. Ndiye peke yake aliyeendelea kunitembelea.

Leo walipokusanyika hakungoja kuitwa. Alikuja mwenyewe na jembe begani, ametoka kwenye mpunga, tope mpaka magotini. Ni mzee kama mimi, naye bado hutembea mpaka soko la Lyulilo kununua vyungu, na kurudi navyo kichwani.

"Ugonile, Mwalimu," akanisalimu, kama siku zote.

"Tata Angolile, usimsogelee," akasema Ambakisye. Humwita tata, yaani baba, hata anapomfukuza.

Angolile akafungua nguo kifuani. Mbavu zikaonekana zote. "Haya, nitazameni. Mwalimu alikuwa na uzito wa kuwaliza wabeba machela. Kama nimemla mimi, mafuta yake nimeyaweka wapi? Magotini?"

Mmoja akacheka, akakimeza kicheko chake. Mzee mwingine akasema wachawi hawanenepi.

"Basi kila mwenye kitambi hapa ni mtakatifu," akasema Angolile, akamtazama mzee yule tumboni.

Lakini Ambakisye alikuwa ameshaamua, na wenzake pamoja naye. Angolile ahame, avuke mto kwenda upande wa Makwale, asionekane hapa tena. Angolile alimzika mkewe katika migomba ile. Kila mtu pale uani alikuwepo siku ya kuzika, na kila mtu akatazama chini.

Yeye hakumtazama mwanangu. Alinitazama mimi. "Mwalimu, sema wewe."

Nilinyamaza. Naandika kwa kujichukia: nilinyamaza, na nilikuwa nafikiria jinsi watakavyonisifu kwenye msiba wangu.

Kisha upepo ukageuka, nikainusa harufu yangu mwenyewe. Nikamwambia Tusajigwe aingize mkono chini ya kitanda changu, alete atakachokipata. Akaleta kopo lililotobolewa. Nikaomba wanisogeze nyuma ya nyumba, wote waje. Nikamimina maziwa yale kwenye jani la mgomba, nikaliweka kando ya mahali nilipokojoa asubuhi baada ya mvua. Tukasimama, wanaume wazima, tukitazama ardhi. Sisimizi wakagawana safari: nusu kwenye jani, nusu kwenye mkojo wa Mwalimu.

"Baba, hata sisimizi hutumwa," akasema Ambakisye. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na aliyewatuma kwenye kopo ni nani?"

Kisha nikawaambia yote. Dawa ya daktari na rangi ya mkojo, mlango uliofungwa, msumari. Kwamba kinachoingia kinywani mwangu ndicho kinachotoka, mwili umeshindwa kukitumia. Kwamba nimekaa juu ya mabega ya watu mpaka miguu imesahau kazi yake.

Tusajigwe ndiye aliyesema kwanza. "Kumbe ulikuwa unanyonya kopo! Na sisi tunawanyamazisha watoto, tunasema Mwalimu anasali."

Angolile alitema mate, mbali na mimi, lakini alitema. "Umeniacha nibebe jina lile kwa ajili ya kopo?"

Akachukua jembe lake akaenda. Akaenda kwenye migomba yake, siyo Makwale, na hakuna aliyemzuia. Wengine wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Ambakisye alibaki mwisho. Nilimwambia aivunje ile machela, mti wake auweke kwenye paa la zizi, na kesho aende kanisani kwa miguu. Akashika tumbo lake, lililoanza kusogea mbele ya mkanda, kama mtu aliyeguswa na kitu asichokiona.

Jioni sahani ikaja; mkwe wangu hakuwa ameambiwa kitu. Chai na mkate wenye asali. Nilivitazama na mate yakanijaa. Mguu unaoza, rafiki ametema mate, na bado kinywa kinajaa mate! Mnyama gani huyu?

"Rudisha," nikamwambia dada yangu.

Tusajigwe, ambaye bado ana hasira, akaiweka sahani kwenye kizingiti cha jiko bila neno, akashika njia ya mtoni.

Muda mfupi baadaye nikasikia yowe.

Lilitoka jikoni, likapanda, likapokewa na nyumba ya pili na ya tatu. Sikuelewa mpaka niliposikia jina langu ndani yake. Mkwe wangu alikuwa ameiona sahani imejaa. Tangu aolewe haijawahi kurudi imejaa. Kwake ilikuwa na maana moja tu, na hawezi kuja kuchungulia.

Nikaita, lakini sauti yangu ni nyembamba siku hizi. Basi nikakohoa. Nikakohoa kwa nguvu zote zilizobaki, kikohozi kile kile anachokikimbia siku zote. Yowe likakatika katikati. Halafu nikasikia miguu yake ikikimbilia migombani.

Sijawahi kufurahi hivyo kukimbiwa.

Wa kwanza kufika mlangoni alikuwa Angolile, anahema, na jembe mkononi.

"Nimekuja kuchimba kaburi."

"Bado."

"Unanuka."

"Najua."

Akasimama pale. Kisha akatoa ndizi ya kuchoma kwenye mkunjo wa nguo yake, akaivunja, akanipa nusu. Nusu yake akaila hapo hapo mlangoni, amesimama.

"Sijakusamehe," akasema, kinywa kimejaa. "Nina njaa tu."

"Ndaga," nikamshukuru.

Ndizi haikuwa na chumvi wala kitu. Niliitafuna polepole, na yeye ananitazama taya. Nilikuwa nimesahau jinsi mtu anavyokula anapotazamwa.

Ameondoka. Chini ya kitanda lipo kopo jingine, zima, ambalo Tusajigwe hakulifikia, na ninapoandika ulimi wangu unalizunguka kama nzi anavyozunguka kitambaa cha mguu. Asubuhi nitamwambia alichukue. Asubuhi ni mbali.

Nimeuacha mlango wazi, ili kila apitaye aone mdomo wangu unafanya nini.