Pole kwa Jirani Aliyepoteza Chombo

Dada Rhoda mpendwa,

Huku Brooklyn Park, Marekani, theluji imefika magotini, lakini jana nilicheka mpaka nikasahau baridi. Mark, jirani wa mwanangu Kevo, ni mmoja wa waliotengeneza chombo cha angani chenye tanga la kusukumwa na mwanga wa jua. Roketi iliyokibeba ilianguka baharini na chombo kikapotea. Akina mama wa kanisani kwetu waliposikia, walipika pilau, wakajaza chai kwenye thamosi, tukaenda kumpa pole kama mtu aliyefiwa. Tukaimba, tukaomba. Kisha Mama Njeri, nesi mstaafu, akamuuliza kwa huruma, "Na mwili umepatikana?"

Nilidhani atatufukuza. Kumbe! Alicheka hadi miwani ikamdondoka, akala sahani tatu. Alisema ofisini walimtumia barua pepe tu ya pole.

"Kingine ukirushe kiangazi," Mama Njeri akamshauri. "Saa hizi jua lenyewe limejificha."

Leo asubuhi Mark amerudisha sufuria yetu, na ndani kaweka keki ya ndizi. Nani alimfunza kwamba sufuria ya watu hairudi tupu?

Nimewakumbuka nyote, hasa chai yako.

Mdogo wako,
Esther