Msimnyoe Espérance Kwanza

Nchelenge, upande wa Zambia

Mama yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, mimi mtoto wako Adèle. Goti linasemaje? Bado unalikanda kwa maji ya moto na chumvi, au umeliacha kwa sababu siku mbili halikuuma? Nakujua. Sisi huku tuko wazima, Mungu anatushika. Furaha anaongea Kibemba hata usingizini, na nikimtuma maji ananijibu "awe", yaani hapana, halafu anakimbia. Baba Furaha bado anatengeneza baiskeli za wale wanaopeleka samaki bara kutoka Kabuta. Njia ni mbovu, kwa hiyo kazi haikosekani. Mihogo yetu kule kambini imeshika vizuri, na mimi siku za soko nashuka hapa mjini kuuza karanga na samaki wakavu.

Bibiche, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama barua hii: soma polepole, usiruke mistari kama ulivyozoea. Na kama Baba mdogo yupo hapo, mpe kiti akae. Haya yanamhusu yeye pia.

Mama, sauti yako ilinifikia. Papa Séraphin alipovuka ziwa na samaki wake, hata kabla ya kushusha mzigo, alinitolea simu na kusema, "Mama Furaha, niko na sauti ya mama yako umu ndani." Niliisikiliza nimesimama na beseni kichwani. Naandika hapa ulivyosema, ili ujue kwamba hakuna neno lililopotea njiani:

"Adèle, mutoto yangu, mutumbwi ya ndugu yangu mudogo ilirudi yenyewe, bila mutu. Banasema alikufa mu maji. Mi roho yangu inakatala. Unitafutie ndugu yangu mudogo kule. Kama alikufa, bon, nitalia. Lakini unitafutie kwanza."

Halafu nikasikia mtu akikohoa, na nikajua ni Baba mdogo hata kabla hajasema.

"Adèle, tumengoja ya kutosha. Mwezi mupya ikionekana, tunaweka matanga. Espérance tutamunyoa, njo desturi, na tutamupatia bwana mu famille. Kama uko na kitu, tuma papier. Sauti ya telefone inaweza kusema kitu yoyote."

Baba mdogo, nakuheshimu, wewe ndiye uliyenilipia shule. Lakini wembe wako una haraka. Espérance ni mke wa mtu, na mtu huyo hakuna aliyeona maiti yake. Nilikasirika mpaka nikampunguzia mteja bei bila kujua.

Sikujua nianzie wapi. Wavuvi wa Mununga ndio walionipa njia. Walisema kwamba ule wakati uvuvi ulipofungwa, walinzi wa ziwa walikamata watu wetu kadhaa waliotoka ng'ambo na nyavu zao, wakawaleta kortini. Majina hawakuyajua. Nikaenda kortini hapa Nchelenge, nimevaa kitenge kile ulichonipa, nikamwambia karani namtafuta Kapya Dieudonné. Akafungua daftari, akapitisha kidole juu mpaka chini. Hakuna Kapya. Alikuwa mtu mpole. Akaniambia kesi ya Wakongo wale ilipanda korti ya juu kwa rufaa, na faili zenyewe zimekwenda huko. Lakini hukumu za korti ya juu, alisema, siku hizi zinawekwa kwenye intaneti, na mtu yeyote anaweza kuzisoma bila kuomba ruhusa. Nilimwuliza mara mbili, hata mkimbizi? Akacheka, akasema, "Hata wewe, ba mayo," yaani mama.

Karibu na soko kuna mwanamke mmoja wa hapa, Ba Chola, mwenye duka la kupiga fotokopi. Ana kompyuta moja, na Kiswahili cha biashara anakisikia kwa sababu wateja wake wengi ni sisi. Akafungua ukurasa wa hukumu. Juu kuna kisanduku kirefu cheupe, humo ndimo unaandika jina la mtu wako. Tukaandika Kapya. Mama, kumbe akina Kapya wamejaa nchi hii! Kapya wa kugombania shamba, Kapya wa kuachana na mkewe, Kapya aliyefukuzwa kazi na akashinda. Tukaandika Dieudonné, hakuna kitu. Tukaanza kufungua kesi za uvuvi moja moja, mtandao unakwenda polepole, na watu wanaongoja fotokopi wananung'unika nyuma yetu. Na huku kesi ya jinai inaandikwa hivi: "Watu" upande mmoja, na mshtakiwa upande wa pili. Serikali ndiyo inajiita Watu. Nikamwuliza Ba Chola, kwa hiyo yule mwingine si mtu? Akasema niache siasa, niangalie majina.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikarudi tena dukani siku ya soko iliyofuata, nikarudi tena. Nilianza kuamini kwamba Baba mdogo ana haki. Nasema wazi, siku moja nililia njiani, na karanga zangu nikaziuza kwa yule mlanguzi mwenye kipimo kibaya, sababu sikuwa na nguvu ya kubishana.

Siku ya mwisho ya kutafuta nilimwomba Papa Séraphin simu yake, nikaenda nayo dukani ili nisikilize tena kama ulitaja rangi ya mtumbwi. Sauti yako ikajaa duka lote. Ba Chola akaacha kazi, akanigeukia.

"Bana Furaha, minauliza. Uliniambia tunatafuta kaka yako. Sasa mama anasema ndugu yake mudogo. Biko bantu babili?"

"Ni mutu moja," nikasema. "Mama alimuzaa, lakini anamuita ndugu yake."

"Kanshi, kumbe alirizi jina?"

Nikaanza kumweleza. Kwamba Mjomba Lubunda alipofariki, ukoo ulimkalisha kaka yangu kwenye mkeka, wakamfunga mkanda wa marehemu, wakampa jina. Kwamba tangu siku ile wewe, Mama, hukumwita tena mwanao, unamwita ndugu yako mdogo, na yeye anakuita dada. Kwamba hata mimi, ambaye tulikuwa tukipigania ukoko wa ugali, namwita Mjomba na nikimpa maji napiga goti. Ba Chola alikuwa anatikisa kichwa, sababu desturi hiyo wanayo hata wao. Akaniuliza sasa kwa nini tunaandika Kapya.

Nikamjibu kama kila mtu wa kwetu angejibu, kwamba jina la urithi ni la nyumbani, na serikali unaipa jina la shule na ubatizo. Hata nilipopokelewa Kenani, kwenye kituo cha wakimbizi, sote tuliandikisha hivyo. Lakini nikiwa bado nasema, nikakumbuka maneno ya dada yake babu siku ile ya mkeka. Alimshika kaka masikio, akamwambia, "Kuanzia leo mutu akikuuliza wewe ni nani, usijibu ingine." Na Mjomba ndivyo alivyo, mnamjua. Mtu anayeapa asile kambale akafa njaa mbele ya sahani ya kambale.

Nikasema, "Ba Chola, andika Lubunda."

Ikatoka hukumu moja. Lubunda na wenzake, dhidi ya Watu.

Mama, nikakaa juu ya boksi la karatasi. Ba Chola akasoma Kiingereza, mimi nikashika niliyoweza, mengine akanieleza. Walikamatwa karibu na Mununga wakati ziwa limefungwa. Nyavu zililetwa mbele ya korti, na mitumbwi pia, ila mmoja. Jaji ameandika kwamba mtumbwi wa huyu Lubunda haukuonekana kortini kwa sababu ulifungwa ufukweni, kamba ikakatika, upepo ukauchukua. Ndio huo uliofika kwenu peke yake na kuwaliza watu wote.

Korti ndogo iliwapa kifungo kirefu. Jaji wa juu akakipunguza, akasema ni kosa lao la kwanza na hawakukataa. Wako gereza la upande wa Mansa. Watatoka mvua za kwanza zikishaanza, halafu watapelekwa mpakani warudi kwao. Nililia mbele ya wateja wote, na mzee mmoja aliyekuja kupiga fotokopi ya kadi yake akaniambia pole, akidhani nimefiwa.

Lakini kulikuwa na mstari mmoja ulionivunja tena. Kabla ya kupunguza kifungo, jaji ameandika kile ambacho kila mmoja aliomba. Mmoja alisema ana watoto wadogo. Mwingine alisema anaumwa kifua. Na Lubunda, imeandikwa, aliomba ahurumiwe kwa sababu ana dada mkubwa, mjane, ambaye hana mwingine wa kumtegemea.

Dada mkubwa! Mjane! Kaka yangu ni kifungua mimba, nyuma yake ni mimi na Bibiche, na mume wangu namshukuru Mungu ni mzima. Nikasema basi, huyu ni Lubunda wa watu wengine. Akina Lubunda nao si haba, na kamba za mitumbwi zinakatika kila siku. Ba Chola aliniwekea karatasi zile kwenye bahasha, lakini nilizibeba kama mzigo wa mtu mwingine.

Jioni nilikuwa naparua magamba ya samaki, Baba Furaha anafunga tairi. Akaniuliza nimepata nini dukani. Nikamwambia yaliyoandikwa, nikamalizia, "Na unajua vizuri, Mjomba hana dada mkubwa."

Kisu kilibaki hewani. Ndipo niliposikia neno nililolisema mwenyewe. Kaka yangu hana dada mkubwa. Mjomba anaye. Mjomba Lubunda ana dada mmoja tu mkubwa, mjane tangu Baba alipotuacha, anaishi huko ng'ambo, karibu na Kilwa yetu ya Kongo, na goti lake bovu, na ndiye anayesikiliza barua hii sasa. Baba Furaha alitupa spana chini, akaanza kupiga makofi, na Furaha akaja kucheza bila kujua tunacheza nini.

Sasa Baba mdogo, nakuja kwako. Uliomba karatasi, karatasi hii hapa, Papa Séraphin anakukabidhi mkononi. Usiniulize kashe, muhuri wa korti. Ile kashe ya zambarau unayoiona pembeni ni ya duka la Ba Chola, inasema tu kwamba fotokopi imelipwa. Nilimkataza, akaigonga kwa mazoea. Hukumu ya intaneti haina kashe, ina namba ya kesi na jina la jaji mwishoni. Ukimpata mtu wa Lubumbashi mwenye simu nzuri, mwambie aandike jina Lubunda kwenye kisanduku kile, ataikuta kama nilivyoikuta, hata akiwa Kongo. Yenye kashe ya korti nimeshaiomba kwa karani, inakuja taratibu, na mwezi mpya hautaingoja. Kwa hiyo nakuomba kwa heshima yote: matanga yaahirishwe, Espérance asinyolewe, asipewe mtu. Na jina Lubunda lisikalishwe mkeka mwingine. Mwenyewe bado analitumia.

Sitaki kuwadanganya. Sijamwona kwa macho. Mimi nasema kile tu karatasi inachosema, kwamba siku ya hukumu alikuwa hai, amesimama, ameomba. Kuna mama mmoja wa kanisani kwetu anayekwenda kuwaombea wafungwa huko Mansa. Nimempa sabuni na karanga za kukaanga ampelekee, na nimemwambia akimfikia amwite Mjomba Lubunda, asije akamwita Dieudonné akakataa kuitika.

Nisalimie Espérance, mke wa Mjomba, na umwambie nywele zake azisuke vizuri. Nisalimie dada yake babu, mwambie wosia wake ulitusumbua sana, na ndio uliotuokoa. Salamu kwa Mama Godelive jirani yetu, aliyelia nawe mtumbwi ulipofika. Na kwa Pasta, aweke mahubiri ya mazishi kabatini. Baba Furaha anakusalimu, anasema tairi za baiskeli ya Baba mdogo zimepatikana, zinakuja na Papa Séraphin, ili asiseme tunaleta habari tu.

Bibiche, ukimaliza usikunje barua. Chukua ile karatasi ya Kiingereza, ukurasa wa pili kutoka mwisho, kuna mstari nimeupiga kalamu nyekundu. Usijali kwamba hujui Kiingereza. Shika mkono wa Mama, uweke kidole chake hapo kwenye nyekundu.

Hapo, Mama. Jaji alimwuliza ana nini cha kusema ili ahurumiwe, na yeye hakusema mke, hakusema mtumbwi, hakusema kifua. Alisema ana wewe.

Ni mimi mtoto wako,
Adèle, Mama Furaha