Mzingo Ni Ule Ule

Mwanangu,

Koma! Ukome kabisa kutangaza kwamba mama yako akili zimeruka. Nimeyasikia uliyomwambia fundi kwenye simu, maana yule akirudia maneno yako utadhani yuko mnadani: eti nipelekwe kupimwa kichwa. Kapimwe wewe kwanza.

Haya, salamu zangu pokea, ingawa huzistahili. Magoti yananisumbua, mengine yanakwenda. Siku zote hofu huwa kwako uliye mbali. Safari hii hofu iko humu humu ndani.

Ni kile chumba cha watoto, ulichokitandika vigae kwa mkono wako ukajisifu mpaka majirani wakachoka. Asubuhi nilikuwa nafagia, ufagio ukagonga ukuta mahali pasipo na ukuta. Kigae cha kona, penye kitanda, hakipo. Hakikung'oka, mwanangu. Ukuta umejikunja kama kiwiko ukakikalia, kitanda kimesukumwa mbele, na rangi ni ile ile kuukuu, na alama za vidole vichafu juu yake.

Nikamwita fundi. Akaja na futi yake ya kuvuta, akaizungusha ukutani, kiwiko na yote, akajumlisha, akacheka. Akasema chumba hakijapungua hata chembe, mzunguko ni ule ule ulioupima wewe. Nikamwambia basi ahesabu vigae. Akaniambia mama, tulia, chumba hupimwa kuta. Kichwa maji yule.

Mwanao Doto ndiye aliyenifumbua macho. Alikata boksi vipande vya mraba, akavipanga mezani mithili ya chumba, akavizungushia uzi wangu wa kushonea. Akaondoa kipande cha kona, akaukunja uzi uingie penye pengo. Ukatosha vile vile, haukuzidi wala haukupungua. Akaondoa kingine kando yake, ngazi ngazi, ukatosha tena. Akanieleza kwamba shuleni ule uzi wanauita mzingo, na vipande vya ndani ndiyo eneo. Eneo laweza kuliwa, mzingo usijue. Kisha akasema, bila kuinua uso, kuwa ndiyo maana anaanzia kwenye kona. Nikamuuliza nani huyo. Akakusanya vipande vyake.

Tangu hapo kona zote zimeliwa, kila moja ni ngazi. Nimemhamishia Doto sebuleni, analala katikati, mbali na kuta.

Sasa tega sikio. Nilikuwa natoa godoro lao mle chumbani, nikaganda. Lao. Mdomo umesema wenyewe. Nikalitazama: lina mabonde mawili. Nikafungua kabati: sare za shule jozi mbili, kipimo kimoja, pindo nimezikunja mimi. Nikakaa chini. Doto ni yule pacha anayetoka tumboni wa pili. Nani kwenye dunia hii anamwita mtoto Doto kama hakuna Kulwa?

Fundi nimemuuliza, anasema nyumba hii ina mtoto mmoja siku zote. Mwalimu wao naye kanijibu hivyo hivyo, kwa sauti ile mnayowasemeshea wazee. Na wewe ukipiga simu unamuulizia Doto, basi. Tukikaa mezani tunaenea vizuri, hakuna pengo, hakuna anayelia. Mzingo ni ule ule.

Kulwa alilala upande wa kona. Hilo nalijua. Lakini sura yake siipati, mwanangu. Mimi, bibi yake, niliyemwogesha! Kicheko chake, jino lake bovu kama alikuwa nalo, sina hata kimoja. Nimebaki na jina tu, na hilo nalishika kwa sababu Doto yupo wa kunikumbusha. Nikimtajia, anavuta miguu, anajibana, kama anayempisha mtu.

Jana sebuleni nilikuta ukuta umeanza kukunja kiwiko.

Ni mimi mama yako mzazi, akili zangu timamu, na haya ni maagizo. Mkeo nisalimie, kisha umkalishe chini, umuulize alipotoka kujifungua alibeba wangapi. Akisema mmoja, usibishane naye. Panda gari uje umchukue Doto, leo hii, kabla hujaniuliza Doto ndiye nani.