Ukuta Usio na Dirisha

Shangazi mpendwa,

Wiki iliyopita mandazi yangu yalifungwa katika gazeti lenye habari za wanaume waliofungua milima ya mbali huko duniani. Unajua nasoma chochote kinachofunga chakula. Ndiyo shule niliyoipata. Kila mmoja wao alikuwa na picha, ndevu, na mlima uliopewa jina lake. Nilisoma mpaka mafuta yakafunika maandishi, nikimtafuta aliyewapikia. Hakuwepo. Ndipo nikaamua kukuandikia, kwa sababu wewe ndevu hukuwa nazo, na mlima wako uliitwa kwa jina la mume wako, ambaye, Mungu amrehemu, alifika juu akiwa amebebwa kwenye machela.

Mke wa afande mmoja hapa Mbarara, jirani yangu karibu na kambi ninapopiga pasi sare za wanajeshi, amechoka kunisikia nikikusifu. "Eh, wewe Mukongomani," aliniuliza juzi, "kwani huyo senga yako, shangazi yako huyo, alikuwa jenerali?"

"Hapana," nikamwambia. "Jenerali hupanda mlima akijua atashuka."

Mimi nilipanda ule mlima mgongoni mwa mama, kwa starehe ileile ya mume wako, lakini nilipopata akili nilikukuta bado unapigana nao. Watu wa Uvira walisema juu ya msitu wa mianzi haishi mtu. Wingu lilikuwa likiingia ndani bila hodi, likakaa mpaka mchana kama mkwe. Mvua ya mawe ilipolaza maharage yote chini, familia mbili mlizopanda nazo zilifunga mizigo zikashuka. Wewe ulibaki na viazi ulaya. Tulikula viazi, maganda ukayapanda. "Kata munene fasi kuna jicho," ulikuwa ukitufokea tulipomenya. "Ile njo tutakula mwaka kesho." Na kweli tulikula, ingawa kwa muda mrefu nilidhani kila kiazi duniani kinazaliwa kutokana na kugombezwa.

Ukajenga nyumba ya kuishinda ile baridi: kuta nene, mlango mfupi hata mchungaji aingie ameinama, dirisha hakuna. Waliotuona kwa mbali tunatoa moshi wakaanza kupanda mmoja mmoja. Nawe ukaweka desturi. Kila aliyekuja kujenga alipita kwanza kwako kuomba udongo. Ulikwenda kwenye kona ya nyuma, ukachimbua konzi moja ukutani kwa mkono wako, naye akaenda kuuchanganya na wa kwake. Nilikuuliza kwa nini unabomoa nyumba yetu kidogo kidogo. "Nyumba inaogopa fasi mupya," ulinijibu. "Inataka kukuta ndugu." Kisha ukapiga viraka pale ulipochimbua, ukaosha mikono. Kijiji kizima kule juu kilisimama kwa ukuta wako, na bado kiliitwa kwa jina la mtu wa machela. Hukulalamika hata siku moja. Nalalamika mimi.

Vita vilipotushusha tukafika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, wakatupa kipande cha vichaka vya miba upande wa Juru. Wa kwanza kusimamisha nyumba upande ule ulikuwa wewe tena. Ukajenga nyumba ileile. Kuta nene, mlango mfupi, dirisha hakuna, kwenye jua kali la wilaya ile ya Isingiro. Mama Furaha, aliyekuwa bado analala chini ya turubai, alisimama akakutazama ukikandika.

"Mama, unajenga furu ya mikate?"

"Najenga nyumba. Baridi itakuja."

"Baridi ya wapi, hapa Nakivale?"

"Iko njiani."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake alikuja kuomba udongo. Baada yake wakaja wengine, wa kwetu na Warundi, na kona ya nyuma ikaanza kuingia ndani kama shavu la mzee. Usiku tulitoka jasho. Dirisha hukutoboa. Ulisema ukuta ukishatobolewa hauna tena cha kumpa mtu.

Sasa nikueleze kilichonitoa Mbarara. Tangu ulipotuacha, mvua mbili zimepita, na ya mwisho ilipasua ukuta palepale kwenye kona uliyokuwa ukigawia watu. Amani, kitindamimba wako, akanipigia simu mimi mkubwa wake. "Yaya, hii nyumba itaangukia batoto. Mabati niko nayo. Siku ya posho naibomoa." Siwezi kumlaumu, watoto ni wake. Lakini nilijua ikianguka ile, hapatabaki kitu cha kuonyesha nani alifika kwanza, na baada ya miaka kidogo yule mwenye duka kubwa kule barabarani ataanza kusema ni baba yake. Ameshaanza kukohoa kohoa.

Nikafunga kibanda changu cha pasi, nikafika Ijumaa, siku moja kabla ya posho. Kwa Amani sikubishana. Nilipita nyumba kwa nyumba kusalimia, na kabla ya kuaga nikasema tu: kesho ukuta wa Mama, kama wanavyokuita, unaanguka. Sikuongeza neno. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ukitaka mtu aje, usimwite.

Asubuhi Amani alikuwa ameshika sururu. Mama Furaha akatokea na beseni kichwani. Akalitua, akamtazama mwanao kama anavyotazama mbuzi aliyeingia shambani.

"Weka ile kitu chini. Nimechimbua kwangu, fasi ya kitanda. Ni ya mama yako, narudisha kidogo."

Nyuma yake walikuja wengine, na mabeseni, na ndoo, na mmoja na sufuria. Kila mmoja alikuwa amechimbua kwake. Amani akaigeuza sururu yake, akaanza kukoroga udongo kwa mpini. Tulikandika mpaka jua likawa kali. Kona sasa ina rangi nyingi, nyekundu hapa, kijivu pale, mbaya kabisa kuitazama, nami sijaona kitu kilichonijaza kifua namna ile. Mabati atayaweka juu yake.

Mwenye duka alipita akauliza pale palipojaa watu ni kwa nani. "Kwa Mama wa Kwanza," Mama Furaha akamjibu, bila kuinua kichwa. Ndilo jina, Shangazi. Limeshafika barabarani, wenye bodaboda walionirudisha wanalitumia.

Kabla hatujafunga ule ufa, Amani alifuta jasho akasema kwa sauti ya chini, "Kwa kuwa ukuta ungali wazi, tuweke hata dirisha dogo?"

Mama Furaha akauziba ule ufa kwa konzi ya mwisho, akaupapasa.

"Hapana," akasema. "Baridi iko njiani."

Lala huko juu, ambako natumaini hujafika ukakuta pamejengwa tayari.

Mimi, mtoto wa kaka yako, yule aliyepanda mlima mgongoni.