Nguzo Sita Nyuma ya Nyumba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba watoto wanaendelea vizuri na masomo. Sisi huku hatujambo. Magoti ya Mama humsumbua asubuhi, lakini ikifika saa nne ameshayasahau, anazunguka uani akikagua kazi za watu. Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa viganja vyangu vimeota sugu mpaka kitambaa laini kinanasa nikikishika.

Kaka, sola imesimama. Imesimama kweli, na ninapokuandikia haya cherehani ya umeme iko hapa mbele yangu, bado ina joto. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ungenikatiza, na habari hii nataka uipate yote, kwa mpangilio wake.

Unakumbuka zile paneli sita ulizotuletea likizo iliyopita. Paa letu haliwezi kuzibeba. Mchwa wamekula mbao mpaka ukizigonga zinalia kama boksi tupu. Ndiyo maana tukakubaliana zisimamishwe chini, nyuma ya nyumba. Unakumbuka pia yaliyofuata. Fremu aliyoichomelea rafiki yako Cheche ilipinduliwa na upepo kabla hata ya kumaliza wiki, paneli moja ikapasuka, na wewe ukampigia simu ukamwambia uliyomwambia. Tangu hapo, miezi mitano, paneli tano zilizobaki zimelala chumbani kwangu nyuma ya kabati. Umeme wa waya unakuja unapojisikia, kwa hiyo nikarudi kwenye cherehani ya mguu.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu wa shule ya jirani akaniuliza kama naweza kushona sare za shule nzima kabla muhula haujaanza. Nikamjibu naweza. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata nyuma ikihema. Usiku huo sikupata usingizi, na kulipokucha nikaenda karakana kwa Cheche.

Najua utashangaa. Nilichomwambia pale nitakifikia. Kwa sasa jua tu kwamba alivua miwani yake ya kuchomelea, akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwa kitambaa, kisha akauliza kama nyumbani kuna kamba ndefu.

Siku ya kwanza hakuja na chuma hata kimoja. Alikuja na vigingi na tepu ya kupimia, akakaa uani kutwa nzima akiweka alama kila kivuli cha jiko na cha mpapai kilipohamia. Mama alinivuta pembeni akaniuliza kama fundi anaumwa. Jioni Cheche akatuonyesha kwamba mahali petu pa zamani palikuwa pakiingia kivuli saa tisa, akasogeza vigingi hatua nane kuelekea ukuta. Mama akasema kumbe ukikaa kimya watu wanakuona mgonjwa, kumbe unafikiri.

Kisha mashimo. Sita, matatu mbele na matatu nyuma, kila moja mita moja kwenda chini. Ukifika usawa wa goti unakutana na mwamba, Kaka, mwamba usio na huruma. Tulipokezana mtaimbo siku nne. Kila shimo lilipokamilika Cheche alishusha tepu, akanitaka nisome namba kwa sauti. Nilimuuliza kwa nini kina kirefu namna hii kwa kitu chepesi kama paneli. Akanijibu, "Dada, upepo hausukumi tu. Unaingia kwa chini unanyanyua. Sisi hatujengi meza hapa, tunashikilia bawa."

Tukatia kokoto chini, tukasimamisha mabomba, mafupi mbele na marefu nyuma ili paneli zilale kulielekea jua, tukayapima kwa pimamaji pande mbili, ndipo tukamimina zege. Nimechanganya zege, Kaka, kwa koleo, na sasa najua kwa nini mafundi wa nyumba wanakula sana. Siku saba hatukuning'iniza hata uzi. Nilimwagia maji asubuhi na jioni, na Mama akajipa cheo cha mlinzi, na kiti chake na fimbo ya kufukuzia kuku.

Baada ya hapo kazi ilikwenda mbio. Cheche alichomelea vyuma vya mshazari kati ya nguzo, akasema bila hivyo fremu hucheza kama kitanda kibovu. Matundu ya bolti niliyatoboa mwenyewe kwa drili. La kwanza lilikwenda upande, la pili pia, kuanzia la tatu nikawa fundi. Tulipaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, tukapitisha waya ndani ya bomba la plastiki tulilolifukia, tukagongomea ufito wa shaba ardhini kwa ajili ya radi. Kabla ya kupandisha paneli Cheche alifunga kamba juu ya fremu, akatuambia tuivute. Tukavuta mimi na yeye. Mama akaweka fimbo chini akaja kuvuta naye, magoti na yote. Nguzo hazikutikisika, tuliotikisika ni sisi, maana Mama alianza kucheka na sote tukaachia kamba.

Siku tuliyowasha ilikuwa saa tano asubuhi. Nilikanyaga ile pedali ndogo na cherehani ikaondoka kama imechomwa sindano. Nilishona mkono mzima wa shati, nikashona na kitu ambacho hakikuhitaji kushonwa, kwa raha tu. Mama aliniomba nizime kidogo ili asikie kama kweli inawaka tena. Tuliizima na kuiwasha mara nne.

Jumanne ikaja mvua ya upepo. Mchana kweupe mbingu ilijifunga, mabati ya jirani yakaanza kupiga makofi, na mpapai ukainama hadi ukakatika. Nilitoka nje nikashika nguzo ya katikati kwa mikono miwili. Nililowa chepechepe. Niliusikia upepo ukipita chini ya paneli, ukizitafuta, na ile nguzo mkononi mwangu imetulia tuli. Mara nikamwona Cheche anaingia mbio kwa mlango wa uani, spana mfukoni, ameacha karakana wazi. Alizunguka fremu akigusa bolti moja baada ya nyingine. Kisha akaegemea ukuta, maji yakimtiririka usoni, akasema, "Haya, dada. Sasa unaweza kuiachia."

Sikuweza kuiachia haraka, Kaka, na sababu ndiyo hii.

Ile fremu ya kwanza haikuangushwa na kazi ya Cheche. Niliiangusha mimi. Aliniagiza nimtafute mtu wa kuchimba mita moja, nikachimba mwenyewe. Nilipokutana na mwamba kwenye goti nikaacha. Aliponiuliza kwenye simu kama mita imefika, nikasema imefika. Alipokuja kusimamisha vyuma alikuta nimeshajaza kokoto, akaniamini. Akaniambia zege likae siku saba. Siku ya tatu nilikuwa na magauni ya harusi ya kumaliza, nikafunga paneli. Ulipopiga simu kuuliza kulikoni, niliona aibu, nikakujibu labda fundi alilipua kazi. Maneno manne tu, na wewe ukayabeba ukaenda nayo kwake.

Hukuyaona yaliyofuata. Mtaani walimwita fundi wa vyuma vya kulala chali. Zahanati walikuwa wamempa kazi ya mnara wa tangi la maji, wakamnyang'anya. Nilikuwa nikipita karakana naona moto hauwaki, nikabadilisha njia.

Yote haya ndiyo niliyomwambia asubuhi ile, nimesimama, maana sikuthubutu kukaa. Akanijibu kwamba alijua. Siku alipokuja kukusanya vyuma vyake aliona vile vibonge vya zege vimeng'oka vizima, vifupi kama ndoo. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Akasema kama angesema, ungenigombeza mimi, na mimi ndiye ninayekaa na mama yetu. Halafu akainama kuokota nondo, akaongeza bila kunitazama, "Nilidhani kaka yako angeniuliza kwanza."

Siku ileile nilikwenda zahanati nikamweleza mganga mkuu kosa lilikuwa la nani. Alinisikiliza kwa adabu, hakuahidi kitu. Mama nilimweleza jioni. Siku mbili hakusema nami isipokuwa kuhusu chumvi. Baada ya mvua ya Jumanne mganga alikuja mwenyewe, akasukuma nguzo zetu kwa bega mpaka koti likachafuka. Cheche anaanza mnara wa tangi Jumatatu.

Ukiwa na hasira nami, nakubali, zilete. Nimeshamwomba Cheche msamaha wangu. Wa kwako sikuuomba, kwa kuwa si wangu kuuomba. Hajanituma niandike haya, wala hajui kama nimeandika. Lakini jana, wakati anakusanya vifaa vyake, aliniuliza watoto wako wamefika darasa la ngapi.

Namba yake haijabadilika.

Mama anakusalimu sana, anasema ukija uje na viatu vya kukanyaga matope ili akuonyeshe nguzo zake, maana siku hizi anaziita zake. Msalimie wifi, wabusu watoto, na umwambie yule mkubwa kwamba shangazi yake anajua kushika drili.

Wako akupendaye,
Mdogo wako wa cherehani