Dua ya Kutoka Kwihara

Jumatatu, 5 Agosti

Vumbi tena kwenye kompyuta. Nimefuta. Nimepaka upya ukuta wa tembe la Kwihara kwenye gemu yangu, na safari hii rangi imekaa. Udongo wa kwetu kabisa, siyo ule wa gemu za wenzetu. Mpagazi wangu anatoka hapo, anakwenda Tura kwa miguu. Hana bunduki wala upanga. Ana mzigo na imani yake, basi. Anayecheza akikosa subira, mpagazi anaanguka. Masanja, anayeniandikia programu, anasema vijana watachoka. Wachoke. Hii ni sanaa, na ni nzuri, nasema mwenyewe.

Maonyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo, kwenye ghala la zamani la tumbaku.

Jumatano, 7 Agosti

Mwanzo wa gemu una pengo. Mpagazi anatoka tu mlangoni kama kuku. Kwetu nani anatoka hivyo? Sijawahi kusafiri bila Mama kuniwekea mkono kichwani na kunisomea dua. Hata nikienda Ipole tu, kwa shangazi, kuchukua asali.

Nataka sauti yake. Sauti iliyofundisha madrasa miaka yote hii, Tabora nzima hakuna mwenye nayo. Kesho namwomba.

Alhamisi, 8 Agosti

Amekataa.

Nilimwonyesha yote. Aliangalia mpaka mwisho, akavua miwani. "Dua huombewa mtu anayesafiri, mwanangu. Huyo katuni anakwenda wapi?"

Nimekasirika hadi chai imenishinda. Nimemwambia imani ndiyo kazi yenyewe. Akasema hajaikataa kazi, ila dua si muziki wa kupambia michezo. Kinachoniuma ni kwamba bila radhi yake siioni kazi hii imekamilika, hata mji mzima ukipiga makofi.

Jumapili, 11 Agosti

Masanja kaleta sauti ya kutengenezwa na kompyuta. Inasoma dua bila kukosea herufi. Nimeisikiliza mara moja. Hapana. Basi tutafute msomaji mwingine. Hapana pia. Kaniita mbishi. Mbishi ndiyo, sasa?

Na yeye anaelewa vizuri tu. Kwao Nzega, bibi yake humpulizia maji usoni kumbariki kabla ya safari, na Masanja ni Mkristo wa kanisani kila Jumapili. Anaogopa Jumamosi, hilo tu.

Nimeacha skrini nyeusi pale mwanzoni. Kimya. Bora kimya kuliko uongo.

Jumamosi, 17 Agosti

Ghala lilijaa. Umeme haukukatika, alhamdulillahi. Wakaja vijana wa vibanda vya gemu, wazee wa barazani, hata masista wawili. Ila ile skrini nyeusi! Wakadhani imekufa. Wakawa wanabonyeza ovyo, wanacheka.

Mama akaingia. Sikumtarajia. Baibui lake la Idi. Akasimama nyuma ya msichana aliyeshika pedi ya gemu. Skrini hakuitazama kabisa. Alimtazama yule mtoto wa watu.

"Unakwenda wapi, binti?"

"Shikamoo, bibi. Tura."

"Marahaba. Na nani?"

"Peke yangu."

Mama akamwekea mkono kichwani. Akasoma dua yote, kwa sauti ile ile. Msichana akasema amina, akabonyeza, mpagazi akatoka.

Mama akanigeukia. "Huyu anasafiri. Yule wako wa kwenye kioo simjui." Kisha akaomba kiti.

Foleni ikawa yake. Hakuna aliyegusa pedi bila kuombewa kwanza. Masanja naye akainamisha kichwa, akaombewa. Mama aliondoka sauti imemkauka.

Leo nimejivuna. Nimejivunia kazi yangu, nikamjivunia aliyenizaa, nikalia mbele za watu na sikujificha.

Jumanne, 20 Agosti

Kazi inakwenda kuonyeshwa Dodoma. Mama haendi. Masanja anasema tumrekodi sasa, hawezi kukataa. Pengine kweli. Sikumwomba.

Skrini itabaki nyeusi. Nimeandika mstari mmoja tu juu yake: *Usiondoke kabla aliye karibu nawe hajakuombea.*

Masanja kauliza, na asiye na mtu? Nimemwambia asubiri, mtu atakuja.

Stesheni Mama aliniwekea mkono kichwani. Mkono unanukia vitunguu. Nikaitikia amina, nikapanda behewa kwa mguu wa kulia.